Fahamu: Kwa nini vitu hung'ang'aniana vikisuguana

Chuma kilichong'arishwa huonekana laini, lakini kwa kipimo cha atomu kimejaa vilima na mabonde. Vyuma viwili vikikutana, hugusana kwenye ncha chache tu za vilima hivyo. Hapo atomu huvutana, hunasa, kisha huchomoka ghafla, na nishati inayopotea hugeuka joto.

Ajabu ni grafiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli. Mwaka 2004 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichapisha matokeo ya kuburuta kipande chake kidogo mno juu ya grafiti nyingine. Safu za atomu zilipolingana, msuguano ulipanda. Kipande kilipozungushwa zisilingane, ulikaribia kutoweka. Kwa hiyo kulainisha uso pekee hakutoshi: mpangilio wa atomu nao una kauli.