Utingo wa C-17

Picha ile iliwafikia wengi: Agosti 2021, Kabul imeshaanguka, na ndani ya tumbo la ndege ya Jeshi la Anga la Marekani watu wamekaa chini kama walio mkekani, goti kwa mgongo, pasipo kiti hata kimoja. Habari za kwanza zilisema ni watu 640. Ndege yenyewe, C-17 Globemaster, ikipakia askari wa miavuli huchukua 102.

Waliingiaje? Mlango wa nyuma ulikuwa nusu wazi, wengine wakajivuta juu yake. Wafanyakazi wa ndege wakaona heri kuondoka nao kuliko kuwashusha kwa nguvu. Uzito haukuwa tatizo. C-17 hubeba tani 77, na kifaru cha Abrams chenye tani zaidi ya 60 huingia humo kikafungwa. Watu 640, ukimpa kila mmoja kilo 70, hawafikishi tani 45.

Sifa huenda kwa marubani wawili. Mimi namtazama mtu wa tatu, ambaye kwenye lori tungemwita utingo. Ndiye apangaye shehena ndege isilemee mkiani, ndiye akazaye minyororo. Sakafu yake ina vigurudumu vya kutelezeshea mizigo. Akivipindua inabaki bapa, gari likaingia lenyewe. Na ndege nzima ina tabia za lori: hutua kwenye kiwanja cha udongo cha mita elfu moja na kidogo, na ikikosa pa kugeuzia hupiga rivasi kwa injini zake nne.

Mikosi nayo haikosi. Septemba 1998 ilimbeba Keiko, nyangumi wa filamu ya Free Willy, kutoka Oregon hadi Iceland. Nyangumi alifika mzima. Iliyoumia ni miguu ya ndege, wakati wa kutua.

Kiwanda cha Long Beach kilitoa ya mwisho mwaka 2015, zikatimia 279. Wenye nazo, Uingereza, India, Qatar na wengine, wanazitunza hizo hizo.

Ile ya Kabul ilishukia Qatar. Siku chache baadaye jeshi likasahihisha hesabu: 640 walikuwa watu wazima peke yao. Watoto 183, waliokuwa wamepakatwa, hakuna aliyewahesabu. Jumla, 823.