Pua ya ndege ikikataa kutulia, anza na joistiki

UMEMWANDAMA adui dakika tano nzima. Umefika mgongoni mwake, mita 200 hivi, unafyatua risasi, na papo hapo pua ya ndege inaanza kwenda juu chini kama kuku anayedonoa mahindi. Risasi zote zinapita hewani. Vijana wanaocheza gemu za ndege vita kama DCS World na IL-2 Sturmovik wanaijua vyema aibu hii. Wengi huilaumu ndege, wengine huanza kuweka akiba wanunue joistiki ya bei ghali.

Hebu tulia kwanza. Mara nyingi shida ni mipangilio.

Usukani wa ndege halisi kama P-51 Mustang ni fimbo ndefu inayosimama kati ya magoti ya rubani, na kasi ikizidi, upepo huifanya iwe nzito kusukuma. Joistiki ya mezani ni fupi, na springi yake haina habari kama unapaa kilomita 200 au 600 kwa saa. Mkono ukisogea kidogo tu, ndege inapokea amri kubwa. Unavuta, pua inapita shabaha. Unasukuma kurekebisha, inapita tena upande wa pili.

Kabla ya kugusa namba yoyote, kagua kifaa chenyewe. Kwenye Windows, andika joy.cpl katika kisanduku cha kutafutia, fungua joistiki yako, kisha utazame ile alama ya msalaba bila kushika chochote. Ikirukaruka yenyewe, huenda potenshiometa za ndani zimechakaa au zimeshika vumbi, jambo la kawaida kwa joistiki za mitumba. Zile zenye sensa za sumaku, mfano Thrustmaster T.16000M kwenye mihimili yake miwili mikuu, hazina vipande vinavyosuguana hapo, hivyo hudumu zaidi.

Kisha ingia kwenye menyu ya vidhibiti ya gemu. DCS ina tabia moja ya kuudhi: hugawa mihimili yenyewe kwa kila kifaa ulichochomeka. Unaweza kukuta padi ya gemu iliyolala mezani inavutana na joistiki yako kuhusu nani ainue pua. Futa mgao wowote usiouhitaji.

Sasa dedizoni, yaani eneo la katikati ambalo gemu halisikii mkono wako. Anza na sifuri. Alama ikitikisika, ongeza moja moja hadi itulie, basi. Dedizoni kubwa ni hasara tupu, kwa sababu masahihisho madogo ya kulenga hufanyika papo hapo katikati.

Dawa kubwa ni mkunjo. Huu hupunguza ukali wa joistiki karibu na katikati. Katika DCS, 15 hadi 20 kwa kuinua pua na kulalia ubavu ni mwanzo mzuri. Lakini usilewe! Kile unachopunguza katikati kinarudi pembeni. Ukiweka 50, utalenga kwa raha, halafu ukikata kona kali ndege itashtuka ghafla, ipoteze mwinuko na kuanza kuzunguka kama pia. Wapo wanaopunguza kiwango cha juu cha mhimili badala yake. Mimi sishauri, kwani unajinyima sehemu ya nguvu ya usukani siku utakapoihitaji.

Jaribu kwa TF-51D, ndege ya bure ndani ya DCS. Shikilia mwendo mmoja, kisha bonyeza Control ya kulia pamoja na Enter uone kisanduku kinachoonyesha mkono wako unafanya nini hasa. Rekebisha trimu hadi ndege ipae sawa ukiwa umeachilia joistiki. Hapo ndipo uchague mti au kilima cha mbali na ukiweke katikati ya shabaha kwa sekunde 10. Ukibadilisha kasi, trimu nayo inabadilika.

Ukihamia Messerschmitt Bf 109, jiandae kutumia miguu. Usukani wake wa mkia hauna trimu inayorekebishwa ukiwa angani, na injini ikivuma unapopanda, pua huvutwa kushoto. Kanyaga pedali ya kulia kidogo, au zungusha mpini wa joistiki kama huna pedali, hadi kile kijipira cha kwenye dashibodi kirudi katikati. Kijipira kikiwa pembeni, risasi zitapita kando hata kama mkono wako umetulia tuli.