UKURUTU SI UCHAFU WALA UCHAWI

Wako wakulima wengi wa Kitui na Makueni ambao ngozi yao hukauka, huwasha na kupasuka, hasa katika viwiko, nyuma ya magoti na mikononi. Ugonjwa huu huitwa ukurutu. Majirani husema ni uchafu au uchawi, na mtoto mwenye ukurutu hukatazwa kula sahani moja na wenzake. Hayo si kweli. Ukurutu hauambukizi.

UNATOKA WAPI?

Ngozi nzuri ni kama ukuta uliokandikwa vema: unyevu hautoki wala vumbi haliingii. Ngozi yenye ukurutu ni ukuta wenye nyufa. Mara nyingi udhaifu huu hurithiwa, na katika jamaa hiyo hiyo huonekana pumu. Wengi huanza kuugua kabla ya miaka 5. Upepo mkavu, vumbi, jasho na sabuni kali huuzidisha.

Usidhani ni upele. Upele huletwa na mdudu mdogo sana, huwasha zaidi usiku na huenea nyumba nzima. Dawa yake ni nyingine.

KAZINI

Utomvu wa maembe huchoma hata ngozi isiyo na ugonjwa. Unapochuma, acha kikonyo kirefu kidogo. Baadaye kikate na uinamishe tunda ili utomvu udondoke chini. Hivyo mikono yako itasalimika, na embe halitapata madoa ya kumfanya mnunuzi alikatae.

Akina mama wanaosuka vyondo wajue kuwa maji ya jani bichi la mkonge yana chembe zinazochoma kama sindano. Wavae glavu na mikono mirefu wanapokwangua, kisha wanawe mara moja. Nyuzi zisisokotwe juu ya paja lenye ukurutu.

UTUNZAJI

1. Oga kwa maji ya vuguvugu dakika 5 hadi 10. Maji yakiwa haba, karai moja latosha. Sabuni isiwe na manukato.

2. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta mazito ya mgando. Paka mara mbili kila siku, hata ukiona umepona.

3. Kata kucha. Vaa nguo ya pamba ndani ya sweta.

4. Tumia dawa ya zahanati kama ulivyoagizwa. Usinunue krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi zina dawa kali zinazoidhoofisha ngozi.

Ukiona usaha, malengelenge yenye maumivu au homa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hakuna dawa ya kuuondoa ukurutu kabisa, lakini hutulia ukitunzwa, na watoto wengi hupata nafuu wakikua. Basi mzazi, mwache mtoto ale na wenzake, aende shule. Kopo la mafuta ni rahisi kuliko mbuzi wa mganga.