CDI Inayosingiziwa

Pikipiki ya aina ya CG125 ikigoma kuwaka baada ya mvua, na plagi ikionekana haina moto, hukumu ya kijiweni haichelewi: CDI, kifaa kinachozalisha moto wa plagi, imekufa. Kile kijiboksi cheusi kinang'olewa, kipya kinanunuliwa, cha zamani kinatupwa. Mara nyingi kilichotupwa ni kizima.

Kosa linaanzia kwenye funguo. Wengi huichukulia swichi yake kama ya taa ya nyumbani, kwamba ikizimwa inakata umeme. Katika injini hizi, ambazo viwanda vya China vilizinakili kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, kwa kawaida mambo ni kinyume. CDI hupata umeme kwenye koili ya ndani ya magneto, ndiyo maana pikipiki isiyo na betri kabisa huwaka kwa kiki. Ukizima funguo, swichi haikati kitu, bali inaunganisha. Waya mmoja, mara nyingi mweusi wenye mstari mweupe, unagusishwa na bodi, na umeme uliopaswa kujaza kapasita ya CDI unaishia huko.

Sasa waya huo hupitia shingoni, mahali usukani unapougeuza na kuukwaruza kutwa nzima. Ganda likichunika na shaba ikagusa chuma, pikipiki inazimika ingawa funguo iko "on". Maji ya presha yakiingia kwenye soketi ya swichi, matokeo ni yale yale.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Plagi ivuliwe, irudishwe kwenye kofia yake, na chuma chake kiegemezwe kwenye injini, mbali na tundu la plagi linalotoa mvuke wa petroli. Waya wa kuzimia uchomolewe karibu na CDI, kisha ipigwe kiki. Plagi isishikwe kwa mkono: koili ya plagi hupandisha mamia ya volti za kapasita hadi zaidi ya 10,000. Cheche ikirudi, CDI haina hatia; kinachotakiwa ni kufuatilia swichi na waya.

Cheche haipo bado? Ndipo zamu ya kofia ya plagi, koili ya plagi, pulsa (kihisi kinachoiambia CDI lini itoe cheche), na mwisho kabisa CDI.

Pikipiki zenye CDI ya betri ni habari nyingine, kwa sababu huko funguo hukata umeme kweli, na betri iliyokufa kabisa inaweza kuizima cheche.

Kutupa CDI nzima kunauma kwa sababu kijiboksi hiki hakifunguliki. Vifaa vyake vimezamishwa kwenye gundi ngumu, kwa hiyo kikishatupwa ni taka ya kudumu mtaroni, na dereva amepoteza fedha ya siku kwa waya ambao ungetibiwa kwa kipande cha tepu. Fundi anayeuza kipya kabla ya kuchomoa waya huo hajafanya kazi yake.

CDI zimo pia kwenye skuta, pikipiki za mashindano, na injini nyingi za boti za wavuvi. Huko nako mara nyingi kitufe cha kuzimia huunganisha waya na bodi. Chumvi ya bahari ikijijenga ndani yake, injini inagoma vilevile.