Bahari Nayo ni Barabara

Msikilizaji mmoja ameniuliza swali ambalo wakazi wengi wa mijini wanalo moyoni: kwa nini kodi ya mtu wa bara itumike kupunguza nauli ya mtu aliyeamua kuishi kisiwani? Swali hilo ni la haki. Juma hili nitalijibu kwa mfano wa visiwa vya Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, kwa sababu wenzetu hao wamelijaribu jambo hili kwa miaka mingi, na tunaweza kuona lilipofaa na lilipokwama.

Tuanze na hesabu ya maisha. Mtu wa kisiwani hulipa nauli mara mbili. Hulipa kwanza anapokwenda hospitali kubwa, chuoni au msibani. Kisha hulipa tena dukani bila kuiona tiketi, maana mfuko wa saruji, mtungi wa gesi na unga wa mkate vyote vimevuka maji, na mwenye duka hakubali kuibeba gharama hiyo peke yake. Hata ng'ombe wake akiuzwa bara, gharama ya kumvusha humrudia yeye.

Serikali ya Uskoti ilianza majaribio Oktoba 2008 katika visiwa vya Western Isles, Coll na Tiree. Kanuni yao ni rahisi kuieleza: nauli ya feri ifanane na gharama ya kusafiri umbali ule ule kwa barabara, na juu yake kiongezwe kiasi maalumu cha kuendeshea huduma. Kinachopungua hulipwa na serikali. Kufikia Oktoba 2015 utaratibu huo ulikuwa umeenea katika visiwa vya pwani ya magharibi, vikiwamo Islay, Arran na Mull.

Hapo ndipo lilipo jibu la msikilizaji wetu. Sisi wa bara tunapopita kwenye lami, hatuulizwi kila mmoja wetu atoe gharama yote ya kuijenga na kuitengeneza. Kodi ya wote imechangia, akiwamo mvuvi ambaye pengine hataiona barabara hiyo maishani mwake. Mtu wa kisiwani naye barabara yake ni bahari. Kumsaidia kuivuka si kumpa sadaka.

Lakini nia njema haitoshi. Punguzo la feri lilitolewa kwa kila abiria, mkazi na mtalii sawasawa. Nauli iliposhuka, magari ya wageni yalimiminika wakati wa kiangazi, na meli zilikuwa zile zile, nyingine zimezeeka. Mkazi akawa na tiketi rahisi ya meli isiyo na nafasi. Mwaka 2015 ziliagizwa feri mbili mpya kwa pauni milioni 97. Ya kwanza, Glen Sannox, ilianza kubeba abiria Januari 2025, ikiwa imechelewa miaka kadhaa na gharama ikiwa imepanda mara kadhaa.

Jambo la pili ni malori. Mwaka 2012 unafuu ule uliondolewa kwa magari makubwa ya mizigo. Wafanyabiashara wa visiwani walilalamika, na mimi naona walikuwa na hoja. Ukipunguza nauli ya msafiri ukaiacha ya lori, umemsaidia mtu katika safari anazofanya mara chache, ukamwacha na bei ya dukani anayokutana nayo kila siku.

Kwa upande wa ndege Waskoti walifanya tofauti. Tangu 2006 wakazi wa visiwani na wa maeneo ya mbali ya kaskazini hupewa punguzo, kwanza la asilimia 40 na baadaye asilimia 50. Mtalii halipati. Fedha inamfuata yule aliyekusudiwa.

Kwetu Afrika Mashariki fikra hii si ngeni. Pale Likoni, Mombasa, watembea kwa miguu huvushwa bila malipo. Aidha, wapo ndugu zetu wa Mafia, Ukerewe na Lamu ambao maisha yao hutegemea chombo cha majini. Tukisikia ahadi ya kuwapunguzia nauli, tusipige makofi upesi. Tuulize maswali matatu: Je, anayesaidiwa ni mkazi au kila anayepita? Je, mzigo umo pamoja na abiria? Na je, chombo chenyewe kipo, ni kizima, na kina nafasi ya kutosha?

Swali hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mgonjwa anayesubiri gatini hafaidiki na nauli nafuu ikiwa meli imejaa. Serikali itakayotaka kusaidia visiwa vyake na ianze kwa kuongeza vyombo, ndipo ishushe bei.