Lamu ya Usiku Mmoja Huko Kitengela

Majuzi nilikwenda Lamu bila kupanda mashua. Lamu yenyewe ilikuwa Kitengela, kaunti ya Kajiado, ndani ya hema la urefu wa mita 40, si mbali na barabara ya Namanga. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa ikiwafanyia wafanyakazi wake karamu ya mwaka, na wakachagua iwe "Usiku wa Lamu". Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa sauti na riziki imempeleka bara, alinipigia simu: "Mjomba, wanataka mtu wa pwani aje awaambie kama kanzu zimekaa sawa."

Kanzu zilikaa sawa. Lakini diploma yangu mimi ni ya umeme, na macho hayakukaa kwenye kanzu. Vijana wetu huitwa kwenye shughuli hizi kupiga ngoma na kupika biriani, wakarudi na nauli. Pesa kubwa iko kwenye mitambo, na mitambo hiyo ndiyo nataka tuizungumze leo.

Anza na jenereta. Iliyoletwa pale iliandikwa kVA 60. Hiyo si kilowati 60. Kwa kawaida huzidishwa kwa 0.8, ukapata kilowati 48. Na hizo 48 ni hesabu ya huku kwetu baharini. Kitengela iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, hewa yake nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Basi zimebaki kama kilowati 41. Fundi mkuu, binti mdogo tu kwa umri, alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo kabla sijafungua mdomo. Majiko ya umeme ya wapishi aliyahamishia jenereta nyingine ya pembeni. Mzigo uliobaki akaugawa kwenye fezi tatu, na zile taa za kupunguzwa mwangaza hakuzitia fezi moja na spika, maana zikikaa pamoja spika huvuma kama nyuki usiku kucha. Nilimpa heko kimoyomoyo.

Upepo ni habari nyingine. Kajiado ndiyo kaunti yenye mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, ya megawati 100, kwa hivyo mtu asijidanganye kwamba hema litasimama kwa dua peke yake. Udongo wa pale ni ule mweusi, ambao kiangazi hupasuka ukaingiza mkono, na mvua ikinyesha huwa kama uji. Kigingi hakishiki. Walichofanya ni kufunga kamba za hema kwenye matangi ya maji. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na karamu ikiisha unafungua bomba, unaondoka na tangi tupu.

Sasa Lamu yenyewe. Mji Mkongwe wetu, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia 2001, umejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ule wa Kitengela ulijengwa kwa plaiwudi, kitambaa cheupe na projekta mbili. Picha ya ukuta hurushwa na projekta zote mbili, kila moja nusu yake, na pale zinapokutana kingo hufifishwa ili mshono usionekane. Kisha kompyuta huipinda picha kidogo kidogo mpaka kila kidaka kiangukie mahali pake kwenye plaiwudi. Kazi hiyo iliwachukua usiku mzima wa kuamkia karamu, kwa sababu mchana projekta haina ubavu mbele ya jua. Nilivigusa vile vidaka. Kwa mbali ungeweka Msahafu, kwa karibu ungevunjika.

Sauti nayo ina siri yake. Hema la mita 40 haliwezi kuhudumiwa na spika za mbele pekee, ndiyo maana huwekwa nyingine katikati na nyuma. Lakini umeme hufika spika ya nyuma papo hapo, ilhali sauti ya mbele husafiri kwa hewa, mita 34 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Usipozichelewesha zile za nyuma, aliyekaa mwisho husikia kila neno mara mbili. Ruhusa ya kelele pia lazima iombwe, kanuni za NEMA za 2009 ziko wazi, na majirani wa Kitengela siku hizi wanazijua.

Yote haya huendeshwa kwa orodha, ambayo mafundi huiita kyu. Kila kitu kina namba yake: kyu ya 1 taa zizime, kyu ya 2 moshi, kyu ya 3 bahari ionekane ukutani. Mtu mmoja anasoma namba kwenye kipaza sauti cha kichwani, wengine wanabonyeza. Tulipokuwa kwenye majaribio ya alasiri nikaomba niione karatasi. Kyu ya 4: adhana, sekunde 50. Kyu ya 5: wahudumu waingie na vinywaji.

Nikamfuata mtayarishaji. Hakuwa mtu mbaya. Akaniambia, "Mzee, lakini Lamu bila adhana si Lamu." Nikamwambia hapo amesema kweli tupu, na ndiyo sababu isiwekwe. Adhana ni mwito, na anayeitwa huacha alichoshika. Yeye alikuwa akiwaita watu kisha awashikishe glasi. Tena projekta zilihitaji giza, kwa hivyo onyesho lingeanza saa kumi na mbili na dakika 45, Magharibi ya kweli ikiwa ndiyo kwanza imeswaliwa. Alinyamaza, akasema mteja ameshaipitisha orodha.

Kilichoniuma zaidi ni mpwa wangu. Karatasi ile alikuwa nayo wiki nzima. Nilipomuuliza, alitazama meza yake ya sauti akasema, "Mjomba, mimi ni wa kubonyeza tu." Sikumjibu. Ana mke na mtoto na kodi ya nyumba Kitengela.

Baada ya kitambo yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mtayarishaji, na simu mkononi. Alikuwa na sauti alizorekodi gatini Lamu likizo iliyopita: injini za boti, wachukuzi wakigombania mzigo, punda. Wakaisikiliza kwenye spika kubwa, mteja akapigiwa, akakubali kwa neno moja.

Jua lilipozama tuliswali nyuma ya jenereta, mimi na yeye na mpishi mmoja wa Malindi, kwenye turubai, kipaza sauti kikiwa kinamning'inia shingoni. Baada ya salamu akakimbilia mezani. Kyu ya 4 ilipofika, yule punda alilia hema zima, watu wakacheka, na hapo ndipo bahari ikajaa ukutani.