Kioo Kidogo, Kumbukumbu Ndogo Zaidi

Msafiri atokaye Lilongwe kwa barabara ya kaskazini, akiisha kuipita Kanengo, penye viwanda na mnada wa tumbaku, huingia wilaya ya Dowa, na huko ndiko iliko Dzaleka, gereza la zamani lililogeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, ambamo Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda husikilizana kwa Kiswahili. Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, ni miongoni mwa walioasisi humo TakenoLAB, mahali pa kufunzia uandishi wa programu. Nami naamini kwamba kwa wanafunzi wa mahali kama hapo, ambapo vifaa ni adimu na umeme si wa kutegemewa, ni machache masomo yenye manufaa kuliko lile la kukitia picha kioo kidogo cha rangi kilichoungwa na bodi ya Arduino, kwa kuwa tangu mwanzo hadi mwisho ni elimu ya kutumia kichache.

Tazama hesabu yake. Kioo cha inchi 1.8 chenye chipu ya ST7735 kina nukta 128 kwa 160, yaani 20,480, na rangi ya kila nukta huelezwa kwa biti 16: tano za nyekundu, sita za kijani na tano za buluu, kijani ikiongezewa moja kwa sababu jicho la mwanadamu ni hodari zaidi wa kuipambanua. Picha nzima, basi, ni baiti 40,960, ilhali kumbukumbu ya kazi ya Arduino Uno ni baiti 2,048 tu. Picha inaizidi bodi mara 20 kamili.

Kwa hiyo bodi haiihifadhi picha asilani. Picha hukaa katika kumbukumbu ya chipu ya kioo chenyewe, na kazi ya bodi ni kupeleka habari, baiti baada ya baiti, kwa waya mmoja wa data unaofuata mapigo ya waya wa saa, huku waya mwingine, ulioandikwa DC, ukiijulisha chipu iwapo kinachokuja ni amri au ni data. Amri 0x2A hutaja safu wima zinazokusudiwa, 0x2B hutaja safu mlalo, na 0x2C huzifungulia rangi njia. Kisha nukta hujazwa mstari kwa mstari ndani ya mpaka uliowekwa, wala haziuvuki.

Tuseme bodi imewekwa katika ghala la tumbaku huko Kanengo kupima unyevu wa hewa, maana jani lililolowa hukataliwa mnadani, na kipimo kimetoka 64 kikafika 65. Mwanafunzi mgeni hufuta kioo chote ndipo aandike upya, na kwa kuwa kupeleka picha nzima kwa kasi ya biti milioni 8 kwa sekunde huchukua si chini ya sekunde 0.04, jicho huuona ufutaji ule na kioo hupepesa. Aliyekwisha kuelewa huandika tarakimu moja tu, 5 juu ya 4, akiipa rangi ya herufi pamoja na rangi ya nyuma yake ili ile ya zamani ifunikwe pasipo kufutwa: nukta 12 kwa 16, baiti 384. Hapo ndipo fundi hujitenga na mbabaishaji.

Yapo mengine ya kujihadhari nayo. Uno hutuma ishara kwa volti 5 ilhali chipu ya kioo hutaka 3.3, na pasipo kipunguza volti kati yao kioo chaweza kuharibika. Kioo kilichobaki cheupe aghalabu hakijafa. Taa ya nyuma imewaka, lakini amri za kukiamsha hazikufika, au hazikupewa muda, kwani baada ya 0x11 sharti bodi ingoje milisekunde 120. Na nyekundu ikitokea kuwa buluu, itazame amri 0x36, inayopanga utaratibu wa rangi.

Taa hiyo ya nyuma inamhusu sana mtu wa betri. Kioo hiki ni cha kristali kioevu, ambazo Friedrich Reinitzer alizigundua Prague mwaka 1888, nazo hazitoi nuru. Huipisha au huizuia tu, hata taa ikawa inakula umeme uleule penye picha nyeusi na penye nyeupe. Lakini taa ina pini yake mbali, na programu yaweza kuizima pasipo na mtazamaji. Mtunza ghala akibonyeza kitufe, taa huwaka na tarakimu zipo palepale, bila bodi kupeleka hata baiti moja ya picha.